Kiti cha Bluu cha Alhamisi: Maisha ya Mzee Luhende Mboje, 1961–2025

Familia inawashukuru nyote mlioacha mashamba, maduka na ofisi zenu kufika hapa nyumbani Somanda, mjini Bariadi, leo Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, kumsindikiza mzee wetu. Maneno haya yameandikwa kwa agizo lake. Mwezi Juni, akiwa bado na nguvu za kuzungumza kwa muda mrefu, aliwaita watoto wake watatu akawaeleza yapi yasemwe siku ya leo. "Msinipake rangi," aliwaambia. "Watakaokuja wananijua. Mkiwadanganya mchana kweupe, hata yale ya kweli hawatayaamini." Kwa hiyo yatakayosomwa, pamoja na yale ya aibu, yanasomwa kwa ridhaa yake.

Luhende Mboje Shigela alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Lalago, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Mboje Shigela na Mama Mbuke. Wazazi wake walilima pamba na mtama, na walifuga. Tangu utotoni alikuwa na jicho la kuwajua ng'ombe. Dada zake husimulia kwamba alipokuwa na miaka sita alimgawia uji wake ndama aliyefiwa na mama, siku nne mfululizo, mpaka tumbo lake mwenyewe likaanza kuguruma mbele ya wageni. Mama yake alipomtazama tu, kabla hajauliza, mtoto akasema: "Ni mimi. Nimempa ndama." Hakuwa na kipaji cha kuficha. Kipaji hicho alikuja kujifunza ukubwani, na kilikaribia kumwangamiza.

Alisoma shule ya msingi Lalago kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akaendelea na sekondari mjini Shinyanga mpaka alipohitimu kidato cha nne mwaka 1980. Mwaka 1981 alichaguliwa kujiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa, akamaliza mwaka 1983. Barua yake ya kwanza kutoka Mpwapwa bado ipo. Haisemi lolote juu ya masomo wala chakula. Inasema ng'ombe wa huko ni wadogo lakini wavumilivu, na inauliza kama yule jike mweusi amezaa.

Tarehe 1 Machi 1984 aliajiriwa kuwa bwana mifugo katika Wilaya ya Bariadi, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba. Alianza kwa baiskeli, baadaye akapewa pikipiki. Alichanja, alitibu, alisimamia majosho, na wazee wengi waliopo hapa walikuwa wakimsubiri yeye tu, hata kama mwingine alikuwa karibu zaidi. Walisema mkono wake mwepesi. Ng'ombe alikuwa akishtuka sindano imekwishatoka.

Alifunga ndoa na Mektilda Ndalahwa, binti wa Kimali wilayani Meatu, Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1988. Kuhusu mahari kuna kisa ambacho lazima kisomwe, kwa sababu mengine yote yamejengwa juu yake. Mwezi Julai mwaka huo wajomba na baba zake wadogo waliswaga ng'ombe kumi na wanne hadi Kimali. Mzee Ndalahwa, baba wa binti, alipoona kundi limefika akacheka, akasema, "Nasikia bwana harusi ni mtaalamu wa mifugo. Basi atukagulie, mimi macho yangu yamezeeka." Ilikuwa utani. Luhende akauchukua kama kazi. Akavua koti, akaingia zizini, akapita ng'ombe mmoja mmoja mbele ya watu wote, akafika kwa jike la rangi ya majivu, akaweka sikio ubavuni, akainuka.

"Huyu anakohoa. Asipokelewe."

Baba yake mdogo alimsogelea, akamwambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika zizi zima, kwamba huyo ni ng'ombe wa kwao na kwamba amerukwa na akili.

"Ni wa kwetu," Luhende alijibu, "lakini anakohoa."

Ilibidi watu wa upande wa mume warudi na jike lao, wamwahidi Mzee Ndalahwa mwingine. Njia nzima hawakumsemesha. Lakini Mzee Ndalahwa alimwambia mkewe siku ile ile: "Anayemkataa ng'ombe wake mwenyewe hatatudanganya juu ya mtoto wetu." Mungu aliwajalia Luhende na Mektilda watoto watatu: Elina mwaka 1989, Method mwaka 1992 na Flora mwaka 1997.

Sasa tunafika pale alipotaka tufike. Kwetu Usukumani aliyekusaidia haondoki na koo kavu. Bwana mifugo akimaliza kuchanja, mwenye boma humletea kata ya pombe kabla hata hajanawa mikono, na kuikataa ni kama kusema boma lina uchafu. Luhende alipita maboma manne, matano kwa siku. Miaka ya mwanzo alionja akarudisha. Kufikia mwaka 2005 kata ilikuwa ikirudi tupu. Kufikia 2009 alikuwa akiianza siku kwa gongo ili mikono itulie, kwa sababu sindano haitaki mkono unaotetemeka. Nyumbani alisema amekula njiani. Kazini alisema ana malaria. Mama Elina hakupiga kelele. Siku moja tu, akiwa anachambua mchele, alimwambia: "Baba Elina, ng'ombe wa watu unawajua kwa masikio. Mimi nimekonda mwaka mzima, hujaona."

Jumanne tarehe 12 Juni 2012 alitoka mjini na kasha la barafu lenye chanjo ya chambavu, ugonjwa unaoua ng'ombe wadogo kwa siku mbili. Njiani akaegesha pikipiki nje ya kilabu cha pombe, juani, saa nne asubuhi. Alitoka saa nane. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote. Alijua, kama anavyojua kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba chanjo hiyo ikishapata joto haifai tena. Akaenda nayo hivyo hivyo kwa Mama Generoza, mjane aliyekuwa akimsubiri tangu asubuhi, akachanja ng'ombe thelathini na sita. Mwezi uliofuata kumi na mmoja walikufa. Aliitwa kuwaona.

"Bwana mifugo," Mama Generoza alimuuliza, "si ulichanja?"

"Nilichanja, mama. Ugonjwa wa mwaka huu ni mkali."

Huo ndio uongo aliotaka usomwe leo. Mama Generoza yupo hapa, ameketi na wanafamilia, na ametupa ruhusa ya kutaja jina lake.

Aliubeba miezi sita, kisha akiwa amelewa akamwambia mkewe. Mama Elina alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake, Januari 2013, alifunga mizigo. "Pombe nimeivumilia," alimwambia. "Kumdanganya mjane siwezi kuishi nako nyumba moja." Akamchukua Flora, aliyekuwa bado shuleni, wakaenda Kimali.

Luhende aliwafuata mwezi Februari. Mzee Ndalahwa alimpa kiti, akaagiza aletewe maziwa, akamwacha anywe.

"Mkwe," alimwambia, "ni wewe uliyemkataa ng'ombe wa baba yako katika zizi lile pale. Leo ukiletewa Luhende umkague, utasemaje?"

Luhende aliweka kikombe cha maziwa chini. "Ningesema asipokelewe."

"Basi hatuna ugomvi. Nenda kamtafutie dawa."

Mama Elina alikuwa amesimama mlangoni. Aliongeza neno moja: msimu ujao pamba ikipandwa na kuvunwa mumewe akiwa hajagusa pombe, atarudi. Vinginevyo watoto watamjua baba yao kwa kumtembelea.

Alijaribu kuacha peke yake. Siku ya pili alitetemeka hadi akashindwa kufunga vifungo vya shati, akarudi kwenye gongo. Mwezi Machi alijikokota mpaka zahanati. Muuguzi aitwaye Faraja alimwambia kwamba mwili uliozoea hivyo hauachishwi kwa ubishi, akapanga alazwe siku tano apewe dawa chini ya uangalizi. Siku ya kumruhusu alimwambia: "Hapa tumetoa pombe mwilini. Kichwani bado imo. Alhamisi saa kumi jioni, uwanja wa kanisa, kuna watu waliokuwa kama wewe. Watakukaribisha, hawatakuuliza maswali. Usitafute kibao, hakuna."

Alhamisi tarehe 11 Aprili 2013 alifika. Alipita nje ya uzio mara tatu. Mara ya kwanza alitazama mlango, mara ya pili alitazama nani anamtazama, mara ya tatu akaingia. Katika ukumbi mdogo kulikuwa na watu kama ishirini kwenye mabenchi. Mama mmoja akasogea kumpa nafasi. Mwalimu Sylvester, aliyesimama mbele, akamwambia, "Karibu, baba. Usiogope, wote tulianza hivyo," akampa daftari, akamweka safu ya nyuma upande wa kulia. Kisha wakaimba.

Waliimba saa nzima na nusu. Luhende aliimba. Hakuna aliyemuuliza swali, kama muuguzi alivyosema. Alirudi nyumbani akiwa amechoka vizuri, akalala bila kunywa. Alhamisi iliyofuata akaenda tena. Na iliyofuata. Aliona ajabu kidogo kwamba dawa ya ulevi ni kujua kuimba sauti ya nne, lakini alikuwa msomi wa chanjo, na alijua dawa nyingi hufanya kazi mgonjwa asipoelewa.

Tarehe 2 Mei, wakati wa kutoa maombi kabla ya kufunga, alisimama. Alisema anaitwa Luhende, kwamba amekunywa miaka mingi, kwamba mke wake yuko Kimali, na kwamba anawashukuru kwa sababu wiki tatu hajagusa, ila angependa kujua ni lini watu wanaanza kuzungumza habari zenyewe. Watu walitazama madaftari yao. Yule mama aliyempa nafasi siku ya kwanza ndiye aliyejibu, kwa upole.

"Baba, sisi ni kwaya. Wale wanakaa nyuma, kwenye lile ghala la zamani la mbegu za pamba."

"Nenda, hawajafunga," Mwalimu Sylvester alisema. Kisha, Luhende akiwa amefika mlangoni: "Lakini urudi. Besi tumebaki wawili."

Ghalani kulikuwa na watu sita na taa moja. Aliyekuwa karibu na mlango ni Tajudin, anayetajwa kwa ridhaa yake, mwenye duka la spea za baiskeli sokoni, Mwislamu aliyekuwa akinywa kwa siri miaka kumi na tano na aliyekuwa na mengi ya kuficha kuliko wote. Alimsogezea Luhende gunia la kukalia.

"Tumekusikia wiki tatu," alisema. "Nikawaambia hawa, yule besi mpya ana sauti ya mtu mwenye kiu."

Ndivyo alivyokipata Kikundi cha Alhamisi. Hakuna cha ajabu kilichofanyika mle. Mtu alisema wiki yake ilivyokwenda, wengine wakasikiliza, na mwisho kila mmoja akataja ni nani atakayempigia simu akizidiwa. Kwaya nayo, baada ya mashauriano marefu kuliko jambo lenyewe, ikasogeza mazoezi hadi saa kumi na moja na nusu ili besi wao aweze kutoka ghalani na kuwahi. Aliimba nao mpaka mwaka jana. Ndio waliotuimbia leo.

Mwezi Agosti 2013 alikwenda kwa Mama Generoza. Tajudin alimsindikiza hadi njia panda, akabaki na baiskeli. Luhende alisimama uani, hakukubali kiti, akasema yote: kilabu, jua, barafu, na lile neno la ugonjwa mkali.

Mama Generoza aliendelea kupepeta mtama. "Nilijua siku ile ile," alisema. "Niliegemeza mkono kwenye kasha lako, lilikuwa kama chungu cha moto. Nilikuwa nangoja useme."

"Mwaka mzima, mama?"

"Ningefanyaje? Nikusemee?" Akaweka ungo chini. "Ndama wa mwaka huu hawajachanjwa. Njoo Jumatatu. Na uje na barafu."

Wiki hiyo hiyo aliandika barua kwa mkuu wake wa kazi na kueleza kosa lake. Alipewa onyo la maandishi. Alilitia fremu, likakaa ukutani pamoja na cheti cha Mpwapwa. Tangu hapo kila boma alilochanja aliomba kata ya maziwa mgando badala ya pombe, na alieleza sababu bila kuzunguka. Wenye maboma hawakukasirika kama alivyoogopa. Mmoja alimwambia tu, "Ungesema tangu zamani, pombe yenyewe tulikuwa tunaikopa kwa jirani."

Ilibaki pamba. Ilipandwa mwishoni mwa Novemba. Ijumaa tarehe 27 Desemba 2013, katika boma la mbali alikokwenda kutibu fahali, alikuta sherehe. Alipewa kata, akanywa. Akaletewa ya pili, akanywa. Hapakuwa na mtu wa Bariadi, na fahali alipona. Asubuhi yake alikwenda sokoni dukani kwa Tajudin, akakaa kwenye rundo la matairi.

"Nani alikuona?" Tajudin aliuliza.

"Hakuna."

"Mama Elina anaweza kujua?"

"Hawezi."

"Sasa mimi unanitazama kwa nini? Simu si unayo?"

Alipiga Kimali. Simu ilikuwa ya Mzee Ndalahwa, kwa hiyo ilimbidi aanze kumwambia yeye. Mzee akampa simu binti yake.

"Pamba imeota vizuri," Mama Elina alisema baada ya kusikiliza.

"Najua."

"Ungenyamaza tungevuna."

"Najua, Mama Elina."

"Haya." Simu ikakatika.

Luhende aliamini amepoteza nyumba yake. Alimwambia Tajudin hivyo, na siku saba zilizofuata, alisema baadaye, zilikuwa ngumu kuliko zile tano za zahanati, kwa sababu sasa alikuwa na akili zake timamu. Ijumaa tarehe 3 Januari 2014 Mama Elina alishuka stendi ya Bariadi akiwa na Flora, begi moja na kuku wawili. Pamba ya Kimali haikuwa imefika hata kiunoni. Mumewe alipofika mbio kumpokea, hakumpa mkono kwanza, alimpa salamu.

"Baba anasema umemkataa ng'ombe wako mara ya pili," alisema. "Amesema nisingoje mavuno."

Tangu tarehe 28 Desemba 2013 hadi anatuaga, Luhende hakunywa tena. Alihesabu kuanzia siku hiyo, si kuanzia Aprili, ingawa Aprili ingempa miezi zaidi.

Kuhusu kiti. Alhamisi moja mwanzoni mwa mwaka 2014 aliwaambia wenzake ghalani: "Mimi ni mtu mzima, nimesoma, nimeelekezwa na muuguzi, na bado nimeimba wiki tatu. Je, ambaye hajui kuimba?" Walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kupotea. Wakachora kibao, wakakiegemeza langoni. Kwa wiki tano hakuja mtu mpya hata mmoja, na wawili wa zamani wakaacha kuja; mmoja kwa sababu wakwe zake walikuwa wakipita njia ile kwenda sokoni. Kibao kikaondolewa. Luhende akanunua kiti cha plastiki cha rangi ya bluu. Kila Alhamisi saa tisa na nusu alikiweka nje ya mlango wa ghala, akakikalia, na kila alipopata nafasi aliwaambia wauguzi, wenye vilabu na wake waliochoka: "Mwambie atafute kiti cha bluu. Hahitaji kumuuliza mtu."

Kiti hakikulala ghalani, maana vitu vya kanisani huazimwa kwenda harusini. Kililala nyumbani, kikasafiri nyuma ya pikipiki, na baada ya kustaafu tarehe 31 Agosti 2021 kikasafiri kwenye baiskeli. Vijana wa Somanda walimwita Mzee Kiti. Kuna aliyedhani anauza vocha, na dada mmoja alimpa kitambulisho chake akiamini kwamba hapo ndipo panapoandikishwa vikundi vya mikopo. Yeye hakujali. Alikuwa na elimu moja ambayo hakuipata Mpwapwa: kwamba anayetafuta hupita mara tatu. "Mara ya kwanza na ya pili mwache," aliwafundisha wenzake. "Ya tatu msalimie. Mwambie 'mwadila' kama unavyomsalimu yeyote, basi. Ukimuuliza umetoka wapi, umemfukuza." Kutoka watu saba, kikundi kimefika thelathini na mmoja. Wanatoka mjini, na wako wanaopanda gari asubuhi kutoka Nyashimo na Lalago. Baadhi yao wako hapa uani. Hawatatajwa.

Mwezi Agosti 2024 alianza kuvimba miguu na tumbo. Alitibiwa hapa Bariadi, kisha Mwanza, ambako daktari alimweleza kwamba ini liliharibika miaka ile ya kunywa, na kwamba kilichomfikisha hai mpaka leo ni kuacha. Njiani kurudi alimwambia Method, "Basi Alhamisi zangu hazikupotea." Hakulalamika sana. Alilalamikia chakula kisicho na chumvi, na kuachwa na kwaya alipokosa pumzi ya kumaliza beti.

Kilichomsumbua kilikuwa kiti. Alimuuliza mkewe, akamuuliza Tajudin, akauliza kila aliyekuja kumjulia hali: nani atakikalia? Tajudin alisema yeye yuko tayari. Luhende akakataa. "Wewe umekwisha kuwa mzee wa kikundi, unatisha. Akae aliyeingia wa mwisho. Yeye bado anakumbuka njia." Walibishana hilo wiki tatu. Tarehe 21 Agosti mwaka huu alipelekwa kwa bajaji, akakikalia dakika ishirini, akiwa amefunikwa koti, kisha akainuka mwenyewe na kumpisha kijana aliyekuwa amejiunga wiki moja tu kabla. Ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho.

Jumatatu tarehe 15 Septemba, saa tatu asubuhi, Mama Elina alikuwa akimlisha uji. Aliuliza, "Leo siku gani?" Akajibiwa Jumatatu. "Bado tatu," alisema, akageukia ukutani kama mtu anayetaka kupumzika kidogo. Alifariki dakika chache baadaye, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mjane, Mektilda, watoto watatu, Elina, Method na Flora, wajukuu tisa, dada wawili na kaka mmoja, baba mkwe, Mzee Ndalahwa wa Kimali, ambaye ana miaka tisini na mmoja na amefika leo bila kushikwa mkono, pamoja na safu ya besi, ambayo sasa imebaki na mtu mmoja na inaomba wa kujitolea.

Jambo la mwisho ni tangazo, na ndilo alilosisitiza kuliko yote. Juzi Tajudin alikuja kuuliza kama kikundi kisimame wiki hii. Mnajua desturi yetu: kwenye msiba jembe halishikwi, duka halifunguliwi, mpaka mtu azikwe na watu wale. Wenzake wote waliona ni heshima kusimama. Mama Elina ndiye aliyekataa.

"Kuna mtu huko mjini anajikaza tangu Jumatatu ili aje Alhamisi," alisema. "Huyo hajui kama tuna msiba. Akipita mara tatu akakuta mlango mtupu, tutamwambia nini?"

Kwa hiyo, baada ya mazishi, kabla ya chakula, mtawaona watu wachache wakiinuka kimya. Tunawaomba msiwaulize waendako wala msiwaite warudi kula. Chakula chao kitawekwa. Method atawatangulia na kiti nyuma ya baiskeli ya baba yake. Kuanzia saa tisa na nusu, nyuma ya ukumbi wa kanisa, penye lile ghala la mbegu, ataketi aliyeingia wa mwisho. Kama yupo hapa mtu ambaye amekuwa akipita, ajue kwamba hataulizwa kitu.

Mungu amlaze pema Luhende Mboje, ampe pumziko alilolifanyia kazi. Kiti kiko nje.